Kamera inaona, ukuta hauitikii: kutafuta hitilafu kwenye sanaa shirikishi ya video mubashara

Umetengeneza kazi ya sanaa ambayo kamera inamwona mgeni na ukuta unamjibu kwa picha. Umefunga kamera, projekta imewaka, kodi (msimbo wa programu yako) ilifanya kazi vizuri nyumbani, na sasa ukumbini mambo hayaendi. Mtu anapita mbele ya kamera na ukuta hauna habari naye. Mwongozo huu ni wa wakati kama huo. Nimeupanga kwa dalili, yaani kile unachokiona kwa macho yako, na chini ya kila dalili nimeanza na chanzo kinachotokea mara nyingi.

Kuna hatua moja inayotangulia dalili zote. Funga programu yako ya sanaa, kisha fungua picha ghafi ya kamera kwa programu ya kawaida: Camera kwenye Windows, Photo Booth kwenye Mac, guvcview au Cheese kwenye Linux. Simama pale atakaposimama mgeni na umwombe mwenzako atazame skrini. Picha ghafi ikiwa mbaya, hakuna mstari wa kodi utakaoiponya. Ikiwa nzuri, rudi kwenye kodi ukijua kwamba tatizo liko huko. Hitilafu nyingi za kazi za aina hii zinatoka kwenye mwanga, waya na umeme, na inasikitisha kuona msanii akikesha kuamkia siku ya uzinduzi akibadilisha kodi ambayo haikuwa na kosa lolote.

Skrini nyeusi, kamera haifunguki

Kama kazi yako inaendeshwa ndani ya kivinjari, soma kwanza jina la hitilafu kwenye konsoli, yaani dirisha la ujumbe wa makosa ndani ya kivinjari. NotAllowedError maana yake ruhusa imekataliwa, ama na kivinjari ama na mfumo wa kompyuta. NotFoundError maana yake kompyuta haioni kamera yoyote, tazama waya. NotReadableError mara nyingi maana yake kamera ipo lakini imeshikwa na programu nyingine. Programu ya mikutano iliyofichwa pembeni ndiyo mshukiwa wa kwanza. Ifunge kabisa, usiipunguze tu.

Wapo wanaokuta hakuna jina lolote kati ya hayo, bali kodi inalalamika kwamba mediaDevices haipo. Hapo tatizo ni anwani. Vivinjari vinatoa kamera kwa ukurasa wa https au kwa localhost (kompyuta yako yenyewe) peke yake. Nyumbani ulifungua localhost ikakubali. Ukumbini umefungua ukurasa uleule kutoka kompyuta nyingine kwa anwani inayoanza na 192.168, na kivinjari kimeificha kamera. Endesha ukurasa kwenye kompyuta ileile yenye kamera, au weka cheti cha https kwenye seva yako ndogo.

Kwenye Mac, ruhusa hutolewa kwa kila programu peke yake. Ukiendesha Python kupitia Terminal, ni Terminal inayohitaji ruhusa ya kamera. Kwenye Windows, OpenCV, ile maktaba ya kodi ya kuchambua picha, inaweza kukaa muda mrefu kabla ya kufungua kamera hadi ukadhani imekufa. Iambie itumie DirectShow, njia nyingine ya Windows ya kusoma kamera, kwa CAP_DSHOW, na mara nyingi itafunguka haraka. Halafu angalia kifuniko cha lenzi. Kamera nyingi za sasa zinakuja na kifuniko kidogo cha kuteleza, na mtu anayesafisha ukumbi anaweza kukifunga bila kujua.

Mistari ya giza inatambaa juu ya picha

Umeme wetu Afrika Mashariki ni wa hezi 50, kwa hiyo taa za umeme huo hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Kamera iliyopangwa kwa hezi 60, kama ilivyo Marekani, hupokea mwanga kwa vipindi visivyolingana na mpepeso huo, na matokeo yake ni mikanda inayopanda au kushuka. Programu yako inayotafuta mwendo itadhani ukumbi mzima unatembea.

Tafuta mpangilio wa masafa ya umeme kwenye kamera na uweke 50. Kwenye Linux unaitwa power_line_frequency, na thamani yake kwa hezi 50 ni 1. Ukipanga kwa mkono muda wa kupokea mwanga, tumia 1/100 au 1/50 ya sekunde. Balbu za LED za bei rahisi hupepesa vibaya zaidi, na zikiwa nyingi ukumbini ni afadhali ulete taa zako mwenyewe. Mikanda ikiwa ya rangi rangi, na inaonekana pale tu kamera inapotazama ukuta wa projekta, chanzo ni gurudumu la rangi lililo ndani ya projekta za DLP za chipu moja. Hapo geuza kamera, au azima projekta ya LCD.

Watu wamekuwa wa buluu

OpenCV hupanga rangi kwa mfuatano wa buluu, kijani, nyekundu. Programu nyingine karibu zote huanza na nyekundu. Ukihamisha picha kutoka huku kwenda kule bila kubadilisha mfuatano, ngozi ya kahawia inageuka buluu na shati la buluu linageuka rangi ya chungwa. Mstari mmoja wa kubadilisha BGR kuwa RGB unamaliza kazi.

Kamera moja inafanya kazi, ya pili inagoma

Hapa hesabu ndogo inasaidia kuliko kubahatisha. Picha isiyobanwa ya 640 kwa 480, kwa baiti mbili kila pikseli na fremu 30 kwa sekunde, inahitaji karibu megabiti 147 kwa sekunde. Ya 1280 kwa 720 inahitaji karibu megabiti 442. USB 2.0 ina megabiti 480 kwenye karatasi, na kiasi halisi kinachoachiwa kamera ni pungufu ya hapo. Kwa hiyo kamera mbili za 720 zisizobanwa haziwezi kupita kwenye njia moja, na hata moja tu kwa kawaida hupunguza fremu zake hadi 10 hivi kwa sekunde.

Kwenye Linux dalili yake ni ujumbe unaosema hakuna nafasi kwenye kifaa, na watu huanza kufuta mafaili ya diski. Diski haihusiki, nafasi iliyokwisha ni ya njia ya USB. Iambie kila kamera itume MJPG, ambayo ni picha iliyobanwa, badala ya YUYV, ambayo haijabanwa. Kama bado inagoma, punguza ukubwa wa picha. Habu ya USB haiongezi njia: kamera nne kwenye habu moja zinagawana tundu lile moja. Hata matundu mawili yaliyo ubavuni mwa kompyuta yanaweza kuwa ya kidhibiti kimoja kwa ndani, hivyo jaribu kuhamisha kamera moja upande wa pili.

Urefu wa waya nao una kikomo. Waya wa kawaida wa USB 2.0 unaishia mita 5. Ukiunganisha waya mbili ili ufike darini, kamera itaonekana asubuhi na kupotea mchana. Nunua waya wenye kikuza mawimbi ndani yake, au sogeza kompyuta karibu na kamera kisha upeleke picha mbali kwa HDMI au kwa kebo ya mtandao.

Na kama kamera zote zinafanya kazi lakini zimebadilishana nafasi baada ya kuwasha upya, ya mlangoni ikawa ya jukwaani, ni kwa sababu namba 0 na 1 hugawiwa kwa mpangilio wa kuamka. Linux ina folda ya /dev/v4l/by-path inayozitambua kamera kwa tundu zilipochomekwa. Tumia majina hayo, kisha bandika alama kwenye kila tundu na kila waya ili atakayefungua ukumbi kesho asizichanganye.

Ukuta unaitikia kwa kuchelewa

Jiulize swali moja: ucheleweshaji ni uleule tangu asubuhi, au unakua?

Unaokua unatoka kwenye foleni. Kamera inatuma fremu 30 kwa sekunde, programu yako inamudu 20, na 10 zilizobaki zinasubiri. Baada ya muda mgeni anainua mkono na ukuta unamwonyesha mtu aliyemtangulia. Kamera za mtandao zinazotumia RTSP, njia ya kurusha video kupitia mtandao, zina ugonjwa huu sana. Tenga uzi (thread) mmoja wa programu usio na kazi nyingine isipokuwa kupokea fremu na kutupa zote isipokuwa ya mwisho. Sehemu ya sanaa ichukue hiyo ya mwisho kila inapokuwa tayari.

Halafu punguza kazi yenyewe. Huhitaji picha kubwa ili kujua mtu yuko wapi. Daniel Rozin alipotengeneza kioo chake cha mbao mwaka 1999, kila kipande cha mbao kilikuwa nukta moja ya picha, na vipande vyote vilikuwa 830 tu. Mtu alijitambua mara moja kwa sababu mbao zilifuata mwili wake papo hapo. Chambua picha ndogo, ya 320 kwa 240 kwa mfano, na uache picha kubwa kwa ajili ya kuonyeshwa peke yake. Kati ya wepesi na ukali wa picha, mimi nachagua wepesi kila mara. Mgeni husamehe picha yenye ukungu, lakini ukuta unaochelewa humfanya aondoke akidhani haukumwona.

Ucheleweshaji usiobadilika kwa kawaida unatoka kwenye skrini. Televisheni nyingi huichakata picha kabla ya kuionyesha. Washa hali ya mchezo na uzime kila kinachodai kuboresha picha. Projekta nazo zina mpangilio wa namna hiyo, na kule kunyoosha picha iliyopinda kunaweza kuongeza muda. Kupima ni rahisi: piga video kwa simu yenye uwezo wa fremu 240 kwa sekunde, mkono wako na ukuta vyote vikionekana. Upige mkono meza, kisha hesabu fremu hadi ukuta uitikie. Kila fremu ni kama milisekunde 4. Nikipata chini ya fremu 30 ninaridhika.

Kamera inamwona mtu, programu haimwoni

Hii ndiyo dalili ninayotaka tuipe muda mrefu kuliko zote, kwa sababu inaamua nani kazi yako inamkaribisha na nani inamwacha mlangoni.

Kamera ikiwa kwenye otomatiki hutafuta wastani wa picha nzima. Ukumbi wenye ukuta uliopakwa chokaa na dirisha kubwa huiambia kamera kwamba mwanga umezidi, nayo inajipunguzia. Ukuta unapendeza, na uso wa mtu mweusi unazama gizani. Programu ya kutafuta nyuso inaishi kwa tofauti za mwanga na kivuli: ile mbinu ya Viola na Jones ya mwaka 2001, ambayo bado iko kwenye mafunzo mengi ya OpenCV, inategemea mambo kama vile eneo la macho kuwa na giza kuliko mashavu. Uso uliozama hauna tofauti hizo. Ukipima pikseli zake utakuta zote ziko chini kabisa ya kipimo cha 0 hadi 255, zimejaa chembechembe.

Tatizo la pili liko ndani ya mifano (models) yenyewe, yaani programu zilizofunzwa kwa picha nyingi ili zitambue nyuso. Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mwaka 2018 mifumo ya kampuni tatu inayokisia jinsia kwa kutazama uso. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe kosa halikuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake wenye ngozi nyeusi lilifika asilimia 34.7. Kwa hiyo usikubali neno la mtengenezaji kwamba programu yake inaona kila mtu. Ijaribu wewe, kwa watu watakaokuja, ndani ya ukumbi wenyewe, jioni kama ufunguzi ni jioni.

Anza na mwanga. Msimamishe mtu mwenye ngozi nyeusi sana mahali pa mgeni. Zima otomatiki, ongeza muda wa kupokea mwanga hadi uone vizuri mstari wa taya lake na mikunjo ya kando ya macho. Ukuta ukiungua ukawa mweupe mtupu, uache uungue. Hakuna aliyekuja kuutazama ukuta. Weka taa mbili pande mbili za kamera, juu kidogo ya vichwa, zikimulika kwa mshazari. Taa ya darini peke yake hutia kivuli kwenye macho na kuacha paji la uso likimeta. Kama kuna dirisha, liwe nyuma ya kamera, lisiwe nyuma ya mgeni.

Ukishapata picha nzuri, ifunge. Muda wa kupokea mwanga, ukuzaji wa mawimbi (gain), uwiano wa rangi nyeupe na umbali ambao lenzi inalenga (focus), vyote vitoke kwenye otomatiki. Kwenye Linux, v4l2-ctl hufanya hivyo: auto_exposure ikiwekwa 1 inakuwa ya mkono. Kamera nyingi husahau mipangilio zikichomolewa, kwa hiyo andika amri hizo kwenye faili linaloendeshwa kila kompyuta inapowaka.

Kisha badilisha mfano. Ile mbinu ya 2001 ilikuwa kazi kubwa ya wakati wake, lakini leo kuna YuNet ndani ya OpenCV yenyewe, na kuna MediaPipe inayofuata mwili mzima, na zote zinafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Na hapa nina ushauri mzito zaidi: kama kazi yako haihitaji uso, usitafute uso. Dada aliyevaa niqabu anastahili kuitikiwa na ukuta sawasawa na kijana aliyevaa fulana. Tafuta mwili, au tafuta umbo tu. Bibi aliyevaa buibui jeusi mbele ya pazia jeusi hataonekana vizuri na kamera ya kawaida, na kosa ni la pazia. Tundika shuka jeupe lililonyooka, umulike shuka lenyewe, na kila mtu atasimama kama kivuli kamili chenye kingo safi. Myron Krueger wa Marekani, aliyeanza majaribio yake ya video shirikishi miaka ya 1970, aliwaweka watu mbele ya kitambaa kilichomulikwa kwa nyuma kwa sababu hiyohiyo: kompyuta ilipata umbo lisilo na shaka. Mbinu hiyo haijazeeka. Haiulizi rangi ya ngozi ya mtu wala nguo aliyovaa, na programu yake ni nyepesi sana, kwani inapima tu kila pikseli kama ni nyeusi au nyeupe.

Mwisho wa dalili hii, pima urefu. Kamera iliyofungwa kwenye kimo cha mtu mzima inawakata watoto na wanaotumia viti vya magurudumu. Ipandishe na uiinamishe.

Mtu akisimama tuli anayeyuka, na vivuli vinahesabiwa kuwa watu

Unatumia mbinu ya kutoa mandhari ya nyuma, yaani programu inajifunza ukumbi mtupu na kuchukulia kila kipya kuwa mtu. MOG2 ya OpenCV kwa kawaida hukumbuka fremu 500, ambazo kwa fremu 30 kwa sekunde hazifiki sekunde 17, na inaendelea kujifunza muda wote. Mtu akisimama kutafakari kazi yako, yaani mgeni uliyemtamani hasa, programu inamhesabu polepole kuwa sehemu ya ukuta. Akiondoka, anaacha shimo lenye umbo lake.

Jifunze mandhari ukumbi ukiwa mtupu, kisha weka kasi ya kujifunza kuwa 0. Ruhusu ijifunze tena pale tu ambapo hakuna mwendo kwa dakika kadhaa. Lakini jua la mchana linasogea na doa la dirisha linatambaa sakafuni, hivyo mandhari iliyogandishwa asubuhi haitafaa alasiri. Ziba madirisha kwa kitambaa kizito. Kuhusu vivuli, MOG2 huvitia alama ya kijivu, 127, na watu alama ya 255. Chukua thamani za juu ya 200 peke yake, na vivuli vitatoka.

Picha inajizaa ndani ya picha

Kamera inauona ukuta unaoonyesha picha ya kamera. Handaki lisilo na mwisho linatokea, au rangi zinalipuka. Kuna wasanii wanaoutaka mwendo huo. Kama wewe huutaki, geuza kamera isitazame ukuta. Pasipowezekana, tenganisha mwanga wa mashine na mwanga wa watu. Projekta hutoa infraredi kidogo sana, kwa hiyo tumia kamera isiyo na kichujio cha infraredi, weka mbele ya lenzi kichujio kinachozuia mwanga wa kawaida, na mulika watu kwa taa za infraredi za nanomita 850. Kamera itawaona watu, haitauona ukuta. Jihadhari na jua na balbu za kizamani za uzi, kwa sababu zote mbili zina infraredi nyingi.

Video ya kutoka mbali inakatika, au haichezeki

Baadhi ya kazi hazitazami ukumbi; zinavuta kamera iliyoko bandarini, sokoni au mji mwingine. Video ikionekana lakini kodi ikikataa kusoma pikseli zake kwa SecurityError, kivinjari kinalinda seva ya mwenye kamera. Mwombe mwenye video airuhusu tovuti yako, au ipitishe kwenye seva yako kwa idhini yake.

Ikichelewa kwa sekunde 20 au zaidi, huo ni umbile la HLS: video hukatwa vipande, mara nyingi vya sekunde 6, na kicheza video hungoja vipande vitatu kabla ya kuanza. Haifai kwa kazi ambayo mtu wa Mombasa anampungia mkono mtu wa Muscat. Kwa hiyo tumia WebRTC, njia ya kupeleka video moja kwa moja kati ya vivinjari, ambayo hukaa chini ya sekunde moja mtandao ukiwa mzuri.

Bando nalo lina hesabu yake. Video ya megabiti 2 kwa sekunde inakula megabaiti 900 kwa saa, yaani gigabaiti 7.2 kwa siku ya maonyesho ya saa nane, na hiyo ni kwa kamera moja. Picha tuli ya kilobaiti 100 inayotumwa kila sekunde 5 inakula megabaiti 72 kwa saa. Wolfgang Staehle alionyesha mandhari ya kusini mwa Manhattan kwa picha za namna hiyo, moja kila baada ya sekunde chache, katika jumba la sanaa la Postmasters, New York, Septemba 2001. Maonyesho hayo yalikuwa wazi tarehe 11, na kamera ikapeleka ukutani kilichotokea. Mubashara ni hivyo. Amua mapema nani ana mamlaka ya kuzima video, na kitufe cha kuzimia kiwe wapi, na mlinzi wa ukumbi akijue.

Usivute kamera ya usalama uliyoikuta wazi mtandaoni kwa sababu mwenyewe hakuweka nenosiri. Nyuma ya kamera ile kuna duka la mtu au sebule ya mtu.

Asubuhi inafanya kazi, jioni inaganda

Kumbukumbu inavuja. Tazama kiasi cha kumbukumbu saa ya kufungua na tena baada ya chakula cha mchana. Ikipanda bila kushuka, kuna kitu kinaundwa kila fremu bila kufutwa. Kwenye opencv.js kila Mat lazima ifutwe kwa delete. Kwenye TensorFlow.js tumia tidy. Kwenye p5 usiite createGraphics ndani ya draw.

Joto nalo linapunguza kasi. Kompyuta iliyofungiwa ndani ya sanduku la mbao, mwezi wa Januari Dar es Salaam, itajipunguzia kasi yenyewe na fremu zitaanguka bila ujumbe wowote. Toboa sanduku juu na chini, weka feni. Zima pia usingizi wa skrini, masasisho ya otomatiki, na ule uchumi wa umeme unaozima matundu ya USB yasiyotumika.

Umeme ukikatika, kompyuta na ruta ziwe kwenye UPS, yaani betri ya akiba. Projekta mara nyingi ni nzito mno kwa UPS ndogo. Kwenye BIOS chagua kompyuta ijiwashe yenyewe umeme unaporudi, programu ianze yenyewe, na kivinjari kifunguke kwa hali ya kioski, yaani ukurasa wako peke yake ukijaza skrini. Kisha fanya jaribio la kweli: zima swichi ya ukutani, iwashe, ondoka ukanywe chai. Ukirudi ukute kazi inaitikia bila mtu kugusa kibodi. Kama haikuitikia, bado hujamaliza kuijenga.

Watu wanasimama mlangoni, hawaingii

Mashine zote ni nzima, na bado nafasi mbele ya kamera ni tupu. Chanzo ni kwamba watu wameiona kamera na hawajui inafanya nini na picha zao. Wana haki kuuliza. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake.

Njia safi ni kutohifadhi chochote: fremu iingie, ichambuliwe, ifutwe. Hakikisha hata faili za majaribio hazibaki kwenye diski. Kisha andika hivyo mlangoni, kwa herufi kubwa, kabla mtu hajaingia kwenye upeo wa kamera: kuna kamera, picha haihifadhiwi, haitumwi popote, na mwenye swali amwone fulani aliyeko hapa. Kama unahifadhi, sema unahifadhi nini na kwa muda gani, na uombe ridhaa. Chora mstari sakafuni kuonyesha kamera inaanzia wapi, na acha njia pana upande wa pili ili asiyetaka kuonekana apite na aione kazi hata hivyo.